Mkebe wa babu: sarafu zipi zipelekwe kupimwa daraja, zipi zibaki nyumbani

Swali la msomaji wa Tanga: "Shikamoo mtaalamu. Marehemu babu ametuachia mkebe wa maziwa ya unga wenye sarafu 43. Zipo rupia za Mjerumani zenye mtu aliyevaa kofia yenye ndege, hela za shaba, pesa chache zenye maandishi ya Kiarabu, shilingi za simba, senti zenye tundu, na moja ya njano iliyoandikwa 20 Heller, 1916, na herufi T. Kijana anayeuza vitu vya kale mtandaoni ananiambia nizisugue zing'ae, kisha zipelekwe Marekani zipewe daraja na kufungiwa kwenye plastiki, na kila moja itauzwa kwa mamilioni. Sonara wa mjini naye anazitaka zote kwa uzito. Nimsikilize nani? Na nikiri kwamba nimeanza kuzipenda, natamani nyingine nibaki nazo."

Marahaba, na pole kwa kuondokewa na babu. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao. Kijana anakosea kuhusu kusugua, na kosa hilo likishafanyika halirekebishiki. Sonara ana haki ya kupima uzito, lakini bei ya madini ni kiwango cha chini kabisa cha sarafu. Tena sarafu ulizozitaja hazina kiasi sawa cha madini ya fedha, hata pale zinapofanana kwa ukubwa. Na kuhusu daraja, yaani namba ya ubora ambayo kampuni za upimaji huipa sarafu, katika mkebe kama huo wa sarafu 43 zilizopita mikononi mwa watu, huenda zikapatikana mbili au tatu zinazostahili gharama hiyo. Inawezekana pia isipatikane hata moja, na mkebe ukabaki mzuri vilevile.

Ukwaju na limau viache jikoni

Sarafu mpya inapotoka mtamboni huwa na mng'ao wa aina yake. Muhuri wa chuma unapogonga kipande cha madini, madini husukumwa kutoka katikati kwenda ukingoni na kuacha mistari myembamba mno, ambayo macho matupu hayaioni. Mistari hiyo ndiyo inayoufanya mwanga uzunguke kama miale ya gurudumu unapoigeuza sarafu chini ya taa. Ikishaondoka, hakuna fundi duniani anayeweza kuirudisha.

Ukwaju, limau na siki hula tabaka la juu la shaba. Majivu, dawa ya meno na dawa ya kung'arishia birika huparua. Shaba iliyosuguliwa hugeuka rangi ya waridi isiyo ya asili, na fedha hupata weupe mkavu kama bati. Chini ya lenzi utaona mikwaruzo midogo mingi inayokwenda upande mmoja. Anayepima daraja huitambua hali hiyo mara moja, na sarafu haitapewa namba. Itarudi na maelezo tu kwamba imesafishwa, hata kama umelipia gharama zote. Rangi ya kahawia kwenye hela, na weusi wenye buluu au zambarau kwenye rupia, si uchafu. Ni ngozi ambayo madini yamejitengenezea kwa miaka mia na zaidi, na mnunuzi anayejua huilipia.

Kinachoruhusiwa ni kuondoa kile ambacho si sehemu ya sarafu, kama vile mafuta, vumbi, gundi au utando wa kijani unaonata uliotoka kwenye plastiki laini. Fanya hivi. Loweka sarafu moja moja katika maji yaliyochemshwa yakageuzwa mvuke na kukusanywa tena, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za gari. Hakikisha ni maji matupu na si asidi ya betri, kwa maana madumu yake yanafanana. Iache saa 24, badilisha maji, rudia. Kama kuna mafuta au gundi, tumia asetoni safi ndani ya kikombe cha kioo kwa dakika 10 hadi 30, mahali penye hewa na mbali na jiko. Usitumie ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta. Baada ya hapo suuza kwa asetoni nyingine mpya, ilaze sarafu juu ya kitambaa laini cha pamba, na uibonyeze tu. Usifute. Kosa hutokea hapo mwishoni, mtu amevumilia siku mbili halafu anamalizia kwa kusugua na kanga.

Kwa kuwa uko pwani, angalia sarafu za shaba kwa makini zaidi. Kutu ya kijani iliyokolea na ngumu inaweza kuachwa. Lakini ukiona madoa ya kijani kibichi kilichofifia, laini kama unga, yanayorudi hata baada ya kupukutishwa, hiyo ni chumvi ya klorini inayoendelea kuila shaba kila inapopata unyevu. Itenge na nyingine, ikaushe kabisa, iweke peke yake pakavu. Usiirudishe mkebeni.

Kuzisoma

Kabla ya kuuliza bei, zitambue. Unahitaji mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa ya kupimia kipenyo, lenzi inayokuza mara 10, sumaku ndogo yenye nguvu, na taa moja ya mezani. Shika sarafu kwa kingo zake, juu ya meza uliyoitandika taulo. Ikianguka kwenye sakafu ya saruji, kingo zake zitabonyea na hapo hakuna cha kufanya.

Pesa zenye maandishi ya Kiarabu ni za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ile iliyotangulia serikali ya Kijerumani katika kutoa sarafu hapa. Upande mmoja una tai, upande wa pili una maneno ya Kiarabu yanayosomeka "Sharakat Almaniya" ndani ya shada, pamoja na mwaka wa Hijra: ١٣٠٧, ١٣٠٨ au ١٣٠٩ (1307, 1308 au 1309). Pesa 64 zilifanya rupia moja. Usizichanganye na paisa ya Zanzibar ya Sultani Barghash bin Said ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, ambayo ina mchoro wa mizani. Paisa hiyo ni ya kawaida. Riale ya fedha ya Barghash ya mwaka huohuo ni jambo jingine kabisa, na ukiikuta, ifunge kwenye karatasi safi na usimwonyeshe mtu barazani. Mizani ipo pia kwenye paisa ya Mombasa ya 1888 ya kampuni ya Kiingereza, lakini hiyo imeandikwa Mombasa waziwazi.

Yule mwenye kofia ni Kaiza Wilhelm wa Pili, na ndege ni tai. Rupia za kampuni, za 1890 hadi 1902, zina simba na mnazi kwenye nembo upande wa pili. Zile za serikali zinaanza 1904, zina matawi ya mnazi yakizunguka thamani, na chini huwa na herufi A ikiwa zilipigwa Berlin au J ikiwa ni Hamburg. Mwaka huo wa 1904 ndipo rupia ilipogawanywa kuwa heller 100, na ndiko neno letu "hela" lilikozaliwa. Rupia moja ina gramu 11.66. Ipo pia rupia mbili, gramu 23.32, ya 1893 na 1894 tu, na ya 1894 ni adimu zaidi. Hiyo ukiikuta mkebeni ndiyo ya kwanza kuitafutia mtaalamu, lakini pia ndiyo inayoghushiwa sana.

Kati ya hela za shaba, tafuta kipande kikubwa cha heller 5, chenye kipenyo cha milimita 37 na uzito wa gramu 20 hivi. Kilipigwa Hamburg kwa miaka miwili tu, 1908 na 1909. Kilikuwa kizito mno mfukoni, na baadaye kikaja cha shaba na nikeli chenye tundu. Kwa sababu ya ukubwa wake, kila pigo na kila mkwaruzo umebaki usoni. Kukipata kikiwa na uso safi ni kazi ya miaka, na wakusanyaji wanajua hivyo.

Shilingi za simba zilianza 1921 chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyokuwa London. Hapa ndipo hesabu ya sonara inapokuangusha, au inapomwangusha yeye. Rupia ya Mjerumani ni fedha ya 917 kwa elfu, kwa hiyo ina gramu 10.69 za fedha safi. Florini ya Afrika Mashariki ya 1920, iliyoishi muda mfupi kabla ya shilingi, ina uzito uleule wa gramu 11.66 lakini nusu yake tu ndiyo fedha, yaani gramu 5.83. Shilingi ya simba kuanzia 1921 hadi 1946 ina gramu 7.78, na robo tu ndiyo fedha, chini kidogo ya gramu 2. Shilingi za 1948 hadi 1952 hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Anayekuwekea zote kwenye mizani moja na kutaja bei moja anakupunja kwenye rupia. Chukua bei ya gramu ya fedha safi ya siku hiyo, zidisha kwa 10.69, na usikubali chini ya hapo kwa rupia yoyote iliyo nzima.

Kwenye sarafu hizo za Bodi, soma herufi ndogo karibu na mwaka au chini: H na KN ni viwanda vya Birmingham, I ni Bombay, SA ni Pretoria. Senti 50, sumuni ya wazee wetu, ya mwaka 1923 ilipigwa vipande 50,000 tu, wakati miaka mingine ilipigwa kwa mamilioni. Watu wanaipita kwa sababu inafanana kabisa na ya 1922 na 1924. Hilo ndilo somo la kwanza la kazi hii: uzee na uhaba ni vitu viwili tofauti. Paisa ya 1882 ni nzee kuliko sumuni ya 1923 kwa miaka 41, na bado ni rahisi kuipata.

Kisha zigeuze senti zenye tundu za mwaka 1936. Zile zenye jina la Edward wa Nane ni kumbukumbu ya mfalme aliyetawala chini ya mwaka mmoja na kujiuzulu kabla ya kutawazwa. Uingereza kwenyewe hakuna sarafu ya matumizi yenye sura yake iliyoingia sokoni, lakini huku kwetu senti 5 na senti 10 hazikuhitaji sura, zilihitaji jina tu, kwa hiyo zilipigwa na zikatumika. Si ghali. Kwangu mimi ni miongoni mwa vipande vitamu kuliko vyote vya Afrika Mashariki, na unaweza kuzipata zikiwa na mng'ao wake wote kwa bei ambayo mwalimu wa shule anaimudu.

Ile ya Tabora

Herufi T kwenye sarafu yako ni Tabora. Vita vya Kwanza vilipofunga bahari, meli hazikuweza kuleta sarafu kutoka Ujerumani. Serikali ya kikoloni ikaanza kupiga zake yenyewe mwaka 1916 kwenye karakana ya reli, kwa vyuma chakavu vya shaba na shaba ya njano. Wabelgiji na askari wao wa Kongo waliingia Tabora Septemba mwaka huohuo, na kazi ikaishia hapo. Zilipigwa heller 5, heller 20, na rupia 15 za dhahabu, zenye tembo na mlima Kilimanjaro nyuma yake, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Muhuri wa ile ya dhahabu ulichongwa na sonara kutoka Ceylon (Sri Lanka ya leo). Vipande vya dhahabu vilikuwa zaidi kidogo ya 16,000.

Heller 20 si adimu, na yeyote atakayekuahidi mamilioni kwa heller 20 ya njano iliyochakaa anakudanganya. Utamu wake uko kwingine. Mihuri ilichongwa kwa mkono, kwa hiyo zipo aina kadhaa. Taji ni kubwa au dogo, na ncha za herufi L mbili za neno HELLER zimechongoka au zimepinda. Zipo pia za shaba nyekundu, ambazo ni chache kuliko za njano. Mchanganyiko mmoja unaweza kuwa na bei mara kadhaa ya mwingine, na wauzaji wengi hawatofautishi. Heller 5 ya Tabora ilipigwa kwa idadi ndogo kuliko heller 20, iangalie pia.

Tabora ndiko pia kunakowachanganya wanaopima daraja, na kunakowakera wakusanyaji. Mashine hazikuwa na nguvu ya kutosha na vipande havikuwa na unene sawa, hivyo sarafu nyingi zilitoka zikiwa na sehemu zilizofifia tangu siku ya kwanza. Mtu akiangalia haraka hudhani ni kuchakaa. Ili kutofautisha, tazama uso wa sehemu iliyofifia kwa lenzi. Kama ni pigo hafifu, utaona vinundu na chembechembe za kipande kabla ya kupigwa, na mng'ao unapita juu yake bila kukatika. Kama ni kuchakaa, pamekuwa laini kama kokoto ya mtoni na rangi yake ni tofauti na mabonde yanayoizunguka. Nyufa zilizoinuka juu ya uso, zinazopita kwenye herufi, ni nyufa za muhuri na si kasoro ya sarafu. Usiziogope.

Daraja lenyewe

Kipimo kinachotumika kinaanzia 1 na kuishia 70. Kilibuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchini kwake, kisha kikaenea kwa sarafu zote. Namba 4 ni sarafu iliyobaki na umbo tu. Kuanzia 12 maandishi makuu yanasomeka vizuri, 20 hadi 35 maelezo mengi yapo, 40 hadi 45 uchakavu uko kwenye sehemu za juu tu, na 50 hadi 58 ni mguso mdogo huku mng'ao ukibaki pembeni. Kutoka 60 hadi 70 ni sarafu ambayo haikuingia mikononi mwa watu, na tofauti baina ya namba hizo hutokana na mikwaruzo ya kugongana na nyingine kwenye mifuko ya kusafirishia, nguvu ya pigo na uzuri wa jumla. Shaba hupewa pia herufi za rangi: BN kwa kahawia, RB kwa iliyochanganyika, RD kwa nyekundu ya asili.

Kampuni mbili ndizo zinazoaminika zaidi sokoni: PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, iliyoanza 1987, zote za Marekani na zote zikiwa na matawi ya kupokelea sarafu Ulaya. Wanakagua kwanza kama ni halisi, halafu uso, kisha wanaifungia kwenye kasha gumu la plastiki lenye namba. Kasha halimfanyi mtu yeyote ainunue. Linachofanya ni kuondoa ugomvi kati ya muuzaji aliye Tanga na mnunuzi aliye Berlin ambao hawataonana kamwe.

Kwa rupia ya Wilhelm, jipimie mwenyewe nyumbani hivi. Geuza sarafu taratibu chini ya taa. Tazama tai juu ya kofia, kisha sharubu, kisha mapambo ya begani, kwa kuwa hizo ndizo sehemu zilizoinuka na huanza kupoteza rangi mapema. Kama manyoya ya tai yamekuwa bapa, uko chini ya 40. Kwa shilingi ya simba, angalia manyoya ya shingo na mgongo. Kwa senti zenye tundu, angalia pembe za ndovu. Baadaye kagua ukingo wote mduara, hasa juu ya kichwa. Rupia nyingi za pwani hii zilivaliwa kama kidani, na alama ya kuchomelea kikonyo hubaki kama uvimbe mdogo wa kijivu hata baada ya kusagwa. Iliyotobolewa, iliyozibwa tundu, iliyochomelewa au iliyosuguliwa haipewi namba. Ondoa hizo zote kwenye orodha ya kupelekwa.

Halafu piga hesabu. Jumlisha ada ya kupima, ada ya uanachama au ya wakala, usafirishaji kwenda na kurudi, bima, na ushuru unaoweza kudaiwa sarafu inaporudi. Gawanya kwa idadi ya sarafu unazotuma. Kisha tafuta bei zilizofikiwa kweli kwenye minada iliyokwisha, na si bei ambazo watu wanaomba. Nyumba za minada za Ujerumani huweka matokeo yao wazi na huuza sarafu za koloni hili mara kwa mara. Linganisha bei ya sarafu kama yako ikiwa tupu na ikiwa kwenye kasha. Ikiwa tofauti haifiki mara mbili ya gharama yako kwa kipande, usitume. Nasema mara mbili kwa sababu daraja unalolikisia nyumbani huwa juu ya lile litakalotoka. Macho ya mwenye mali hupendelea mali yake.

Na hata likitoka, lina maudhi yake. Namba hutolewa na binadamu walioiangalia sarafu kwa muda mfupi. Sarafu ileile ikitumwa mara ya pili inaweza kurudi na 63 badala ya 62, na kwa baadhi ya sarafu hatua hiyo moja huongeza bei maradufu. Ndiyo maana wapo wanaovunja makasha na kutuma tena na tena. Sarafu ya 58 yenye sura nzuri mara nyingi inapendeza kuliko ya 60 iliyojaa mikwaruzo, lakini lebo inasema kinyume. Kuna pia mtego wa orodha za idadi. Kampuni huchapisha ni vipande vingapi vimepimwa kwa kila daraja, na muuzaji atakuambia chake ndicho pekee. Kwa sarafu zetu, upekee huo mara nyingi unamaanisha kwamba wengine hawajatuma zao, zimo kwenye mikebe kama wa babu yako. Hakuna ubaya kulipia sarafu nzuri, ila usilipie orodha fupi.

Kughushi, kutuma na kutunza

Sarafu ya kughushi ya rupia au rupia mbili kwa kawaida ni ya kumimina kwenye kalibu. Ina vitundu vidogo vya hewa, herufi zenye kingo za mviringo, na wakati mwingine mstari wa maungio unaozunguka ukingo. Sumaku haipaswi kuivuta rupia halisi hata kidogo. Uzito ukipungua zaidi ya gramu 0.3 kwenye rupia ambayo haijachakaa sana, shuku.

Kipimo kizuri zaidi ni cha maji. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, iweke kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Soma namba. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Rupia halisi ya gramu 11.66 itasoma karibu gramu 1.13, na jibu litakuwa 10.3 hivi. Ukipata 8 au 9, hiyo ni shaba iliyopakwa. Rupia 15 za Tabora zina gramu 7.17 na dhahabu ya 750 kwa elfu, na jibu lake linakaribia 15. Vipovu vya hewa vilivyoshika kwenye sarafu huharibu kipimo, kwa hiyo ichovye na kuitikisa kwanza. Na mtu akikujia na habari za rupia yenye zebaki ndani, au inayovuta punje za mchele, maliza mazungumzo hapohapo.

Makasha nayo yanaghushiwa. Ukinunua iliyokwisha kupimwa, ingiza namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe picha. Angalia mikwaruzo na madoa yaleyale mahali palepale, wala usiishie kuhakikisha kwamba namba ipo. Mghushi hunakili namba halisi.

Ukituma, usitie sarafu kwenye barua ya kawaida wala bahasha ya rejista. Kanuni za posta za kimataifa kwa kawaida zinakataza sarafu kwenye barua zisizo na bima, na ikipotea huenda usilipwe. Tumia njia yenye bima, andika thamani ya kweli, na piga picha pande zote mbili pamoja na usomaji wa mizani. Jambo jingine la kisheria: ukikuta kati ya hizo vipande vidogo vya shaba visivyo na mwaka, vyenye maandishi ya Kiarabu yaliyochakaa, vinaweza kuwa vya masultani wa Kilwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Usiviuze wala kuvitoa nchini. Wasiliana na ofisi ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa.

Zile zinazobaki ziondoe mkebeni leo. Nunua vifuko vya plastiki ngumu ya maila, vile visivyonuka, kwa sababu plastiki laini inayonuka kama mpira mpya ndiyo inayoacha utando wa kijani. Weka kimoja kimoja ndani ya sanduku linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, na uvikaushe au uvibadilishe kila baada ya miezi michache, mara nyingi zaidi wakati wa masika. Usifunge kwa mpira wa kubania noti wala gazeti, maana salfa yake huifanya fedha kuwa nyeusi. Kwenye kila kifuko tia kikaratasi chenye aina, mwaka, herufi, uzito, na kwamba ilitoka kwa babu.

Ukitaka kuendelea na kupenda huku, anza na pesa tatu za Hijra, 1307, 1308 na 1309, zenye rangi moja ya kahawia na maandishi yanayosomeka. Huenda tayari unazo mbili. Ongeza senti za Edward, kisha sumuni, ukitafuta ya 1923 bila haraka. Hizo hazihitaji kasha wala Marekani.

Ile ya Tabora ipige picha upya kabla hujamwuzia mtu. Iweke juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha asubuhi, bila mwako wa simu, simu ikiwa wima juu yake. Piga picha moja ya taji, moja ya neno HELLER kwa karibu kiasi cha kuona ncha za L zote mbili, na moja ya ukingo. Pima pia uzito na kipenyo. Kwa picha hizo tatu na vipimo viwili, mtu yeyote mwenye orodha ya sarafu za koloni la Kijerumani ataweza kukutajia ni aina gani.